Jina na Mahali

Sisi Wanyiramba tuna ugomvi wa siku nyingi na herufi mbili. Hata jina letu hatujakubaliana: kuna wanaosema Wanyiramba, kuna wanaosema Wanilamba, na ukituita kwa lolote tunaitika. Kwetu l na r ni mtu na ndugu yake. Unamwita huyu anakuja yule, na hakuna anayeona ajabu. Walimu walijitahidi kututenganishia, wakachoka. Nalisema hili mapema ili msomaji wa pwani asije akadhani yeye ndiye wa kwanza kunicheka. Nimeshachekwa na nusu ya mji wa Singida, mchana kweupe, mbele ya mtu niliyempenda kuliko wote ambao sikuwahi kuwaona.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Maduka ambayo utotoni mwangu yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yalijaa sabuni za rangi na biskuti za kila nchi. Mitumba ilimwagwa chini sokoni, watu wakainamia kama wanapalilia. Kila mwenye kuku wawili alijiita mfanyabiashara. Na kwetu Kinyangiri, maktaba ya kijiji iliyofunguliwa enzi za kisomo cha watu wazima ilifungwa, ikawa stoo ya vitunguu. Vitabu viliwekwa nje kwa atakayetaka. Waliotaka walikuwa wauza karanga, kwa kuwa karatasi ni karatasi.

Mimi niliokoa kimoja. Kilikuwa na karatasi za kahawia, nzito, zilizokwaruza kidole kama mkate wa mtama, na jalada lake lilikuwa limeshapata mume mwingine, sijui wapi. Kilisimulia habari za mwanamke aliyeolewa mapema, akakaa kimya miaka, halafu asubuhi moja akafunga nguo zake kwenye kitenge na kwenda stesheni. Ukurasa wa mwisho amesimama pale. Treni inapiga honi. Mwanamke ananyanyua mguu. Basi, kitabu kimekwisha.

Nilikisoma sijui mara ngapi. Nilikisoma kwetu, nikakisoma bwenini, na nilipomaliza kidato cha nne nikahamia kwa shangazi yangu Unyambwa, pembeni mwa mji wa Singida, nikakisoma huko nikiwa nimeegemea mwamba ulio nyuma ya nyumba yake. Mwamba ule ulibaki na joto la jua hata baada ya magharibi. Upepo ulipita juu yangu, alizeti za jirani zikainama na kuinuka, na mimi sikuwa Unyambwa. Nilikuwa stesheni. Nilimwona yule mwanamke kila mahali: alikuwa kwa yule anayeteka maji, alikuwa kwa yule aliyesimama barabarani na mzigo, mgongo wake tu, hajageuka. Shangazi alikuwa akiniita mara tatu, ya nne ananirushia kipande cha kitambaa.

"Wewe mtoto, siku moja utaozwa huku ukisoma, uamke una watoto wanne."

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha huo ulikuwa na mahali pake, kwa sababu nilikuwa nimeposwa.

Aliyeniposa hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu wa kijijini kwetu, kijana mwenye meno mazuri na pikipiki, ambaye alishuka kwenye hiyo pikipiki mbali na kuisukuma mpaka uani kwetu kwa heshima ya baba. Ahadi yake ilikuwa ng'ombe kumi na wawili, na mbuzi juu. Ng'ombe hao walikuwa na kazi ya kufanya: kaka yangu naye alikuwa na mchumba, na huko walikuwa wanamngojea. Nikisema ndiyo, ng'ombe wanaingia kwa mlango huu na kutokea kwa ule, na watu wawili wameoa. Upande wa pili kulikuwa na chuo cha ualimu kilichokuwa kimenikubali. Chuo hakiwezi kungoja, na mchumba alisema kwa upole kabisa kwamba naye hawezi kungoja.

Baba alikuwa na msimamo mmoja ambao majirani waliuita ulegevu. Ng'ombe hawaingii zizini kwake mpaka binti mwenyewe atamke kwa mdomo wake. Dada yake, yaani huyo shangazi, aliozwa bila kuulizwa, na ndoa ile ilimrudisha nyumbani na cherehani na kovu. Baba hakulisahau hilo. Akaniambia, "Kaa kwa shangazi yako, fikiri. Jumapili uje uniambie."

Sikufikiri. Nilisoma. Ndiyo tabia yangu mpaka leo: nikiulizwa jambo zito nakimbilia kitabu.

Juma lile lile likapita gari la matangazo. Mwalimu mmoja aliyeacha kufundisha alikuwa amefungua duka la vitabu na vifaa vya shule karibu na soko, la kwanza ninalolikumbuka ambalo halikuwa la serikali wala la dini, na alitaka kulitangaza kwa kishindo. Akamwalika mwandishi. Mtu wa matangazo, Mnyiramba mwenzangu, alipewa karatasi iliyoandikwa kwamba mwandishi atakuwepo Jumamosi na kalamu yake, kutia saini vitabu vyake, wote mnakaribishwa. Akapita Unyambwa nzima, upepo ukimsaidia, anatangaza: "Mwandishi atakuwepo na karamu yake! Karamu yake! Wote mnakaribishwa!"

Shangazi alisimamisha cherehani. "Tunakwenda," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Lakini mimi nilikuwa nimelisikia jina la mwandishi, lile lile lililo ukurasa wa kwanza wa kitabu changu. Ni yeye. Sikujua kama bado yu hai. Nilidhani watu wanaoandika vitabu walikwisha wote pamoja na sukari ya kuponi. Usiku ule, katikati ya usingizi na kuamka, nilikata shauri langu. Nitamwuliza kama yule mwanamke alipanda treni au alirudi nyumbani. Yeye ndiye aliyemwumba, yeye ndiye anayejua. Akisema alipanda, nakwenda chuo. Akisema alirudi, nakwenda kwa baba na kutamka ndiyo, na nitakuwa na amani. Sasa nikilitazama nalicheka, lakini sikuwahi kuwa na uhakika wa kitu kama nilivyokuwa nao alfajiri ile.

Nilikuwa nimeshamjenga mwandishi wangu kichwani. Mwembamba, mrefu, nguo nyeupe, sauti ya chini, na hali chakula. Jumamosi nikamkuta chini ya turubai mbele ya duka, mama mnene wa makamo, miwani imeteleza puani, kanga imefungwa kiunoni kwa ajili ya mgongo uliovunjwavunjwa na basi kutoka Dodoma, anakula paja la kuku. Mwalimu mwenye duka alikuwa ameona umati ukija na sahani, akaelewa kilichotokea, na kwa kuwa alikuwa mtu wa aibu akatuma haraka kuku na masufuria ya viazi vitamu. Kwa hiyo karamu ikawepo kweli. Katoni za vitabu zilikuwa pembeni, kila rundo limewekewa jiwe lisipeperuke. Watu walikula, wakafuta mikono, na baadhi yao kwa haya wakanunua kitabu.

Nilisimama kwenye foleni nikamtazama akila. Ningepaswa kuvunjika moyo. Badala yake nikampenda zaidi. Vumbi lilikuwa limejaa hewani, jua linapita ndani yake, sauti za watu zikaja zikaenda, na nikaona kama foleni ile haisogei, ni meza inayonijia taratibu yenyewe. Shangazi alikuwa nyuma yangu na kiazi mkononi. Midomo yangu ilikuwa inarudia swali: alipanda, au alirudi, alipanda, au alirudi. Na chini ya swali hilo, kama mtu anayepiga ngoma nyumba ya pili: Jumapili, ng'ombe, kaka, mahari.

Meza ikafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya Kitanga, safi, kila herufi imekaa kwenye kiti chake.

Nikaweka kitabu changu mezani. Mwalimu mwenye duka akakunja uso, kwa kuwa hakikutoka kwenye katoni zake. Mwandishi alikitazama kile kitu kisicho na jalada, akakiinua, akakinusa. Alikinusa hasa, kama mtu anavyonusa nguo ya mtoto.

"Hiki ni cha mwanzo kabisa," akasema polepole. "Nilidhani vimekwisha duniani." Kisha akajifuta vidole, akachukua kalamu. "Haya. Jina?"

Nikataja jina langu, na la baba. Akaandika.

"Na mahali?"

Nikajibu bila kuchelewa, kwa sauti ya mtoto anayejibu mkaguzi wa shule:

"Ng'ombe kumi na wawili, mama. Na mbuzi wanne."

Kalamu ikasimama. Nyuma yangu mtu akapaliwa na kuku, na foleni nzima ikaangua kicheko. Kilipita mpaka kwa wauza mitumba, nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mwalimu mwenye duka alijishika kichwa. "Mahali, binti! Mahali unapotoka! Si mahari!" Akasema hivyo, lakini naye alikuwa Mnyiramba, na la kwanza na la pili yalitoka kinywani mwake sawasawa, kwa hiyo watu wakacheka upya. Nilitamani ardhi ipasuke. Singida ardhi ni mwamba, haipasuki kwa ajili ya mtu.

Mwandishi hakucheka. Alivua miwani.

"Wameshaingia zizini?" akaniuliza.

Sikutegemea swali hilo. Lilikuwa swali la mtu anayejua ng'ombe ni nini. "Bado, mama. Baba ananisubiri niseme. Kesho."

"Na wewe unasemaje?"

Hapo machozi yakaja, na pamoja nayo lile swali, si kwa mpangilio nilioufanyia mazoezi. "Mama, yule mwanamke. Wa stesheni. Alipanda?"

"Yupi?"

"Huyu." Nikagonga kitabu. "Treni inapiga honi, ananyanyua mguu, kitabu kinaisha. Alipanda au alirudi?"

Watu nyuma walikuwa bado wanacheka kicheko cha mkia. Yeye akaangalia pembeni, kule katoni zilikokuwa.

"Alirudi," akasema.

Sijui kama umewahi kunyweshwa maji ya baridi ukiwa na homa. Nilisikia yakishuka ndani yangu, yakafika tumboni, yakatulia. Basi, limekwisha, nikajisemea. Nikaanza hata kuona uso wa baba atakavyofurahi, na wa kaka. Nikanyoosha mkono nichukue kitabu changu niende.

Akakishika.

"Nilimrudisha mwenyewe," akasema. "Sura mbili nzima. Anarudi, anapika, mumewe anamsamehe, mvua inanyesha. Nilikuwa msichana, niliona mvua ikinyesha mwishoni inapendeza. Nikapeleka mswada. Mchapaji akaniambia, dada, karatasi hakuna, nchi nzima haina karatasi, lazima tukate. Akakata mwishoni, kwa kuwa mwishoni ndiko rahisi kukata. Nililia wiki nzima."

Akageuza kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho. Mguu wa yule mwanamke ulikuwa pale, umenyanyuliwa.

"Kumbe ni karatasi tu," nikasema. Nadhani nilisema kwa hasira. Miaka yote nilikuwa nimeinamia ukurasa ule kama kibla, kumbe ni upungufu wa bidhaa.

"Ni karatasi tu," akakubali. "Lakini siku hizi karatasi si tele? Zimejaa kila duka. Hivi unavyoviona kwenye katoni ni hicho hicho, nimevichapisha upya mwaka huu, kwa gharama yangu, hakuna wa kunikatia. Na zile sura mbili ninazo kichwani, neno kwa neno, mpaka mvua." Akavaa miwani. "Fungua chochote hapo, uangalie kinavyoisha."

Shangazi ndiye aliyenyoosha mkono, ule usio na kiazi, akatoa kitabu kipya kwenye rundo na kunifungulia mwishoni. Karatasi zilikuwa nyeupe hata zikaumiza macho. Treni inapiga honi. Mwanamke ananyanyua mguu. Basi.

"Kwa nini hukumrudisha, mama?"

"Watu wananiuliza hilo swali tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," akasema, huku akiandika. "Sokoni, kanisani kwenye arusi, hospitalini nikiwa nimelazwa. Na sura zao huwa kama yako hivyo. Sijakutana hata na mmoja anayetaka nimwambie alirudi."

Mwalimu mwenye duka akakohoa kwa ajili ya foleni. Mwandishi akaniuliza kwa mara ya pili ninatoka wapi, safari hii kwa maneno mengine. Nikasema Kinyangiri. "Kwa r au kwa l?" akauliza, na hapo ndipo alipotabasamu. Nikamwambia vyovyote, mama, tunaitika. Akanipa kitabu, akamtazama aliyefuata. Sikumwona tena maishani.

Sikumbuki tulivyorudi Unyambwa. Nakumbuka kwamba nilikaa nyuma ya nyumba nimeegemea mwamba na sikukifungua kitabu, na kwamba mawingu yalipita juu ya ziwa lililoonekana mbali, upande wa mji, na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wakainuka wote kwa pamoja, wakatua tena. Shangazi alikuja akaketi karibu yangu.

"Mimi sikuulizwa," akasema. "Ningeulizwa, sijui ningejibu nini. Lakini ningependa kujua ningejibu nini."

Kesho yake nikapanda lori la vitunguu lililokuwa linarudi tupu. Nilifika Kinyangiri vumbi limenigeuza mtu mwingine. Baba alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mjini, za dada yake, za njia, moja moja, kama inavyopasa, na mimi nikajibu zote njema. Kaka alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake mpya, isiyoezekwa bado. Hakuja karibu.

"Haya," baba akasema. "Sema, nisikie."

Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka. "Baba, ng'ombe wasiingie."

Aliendelea kuchonga mpini. Nikamweleza yote: chuo, mwandishi, kitabu, swali. Nilieleza vibaya, kwa kuchanganya Kinyiramba na Kiswahili cha shule, na kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuonekana jambo la kitoto.

"Huyo mama mwandishi," akasema, "ana mume?"

"Sikumwuliza, baba."

"Ng'ombe anao?"

"Sijui."

"Umekwenda mpaka mjini, umekutana na mtu mzima, hukuuliza la maana hata moja." Akauweka mpini chini. Aliangalia zizi, lililokuwa limerudishiwa miti mipya upande mmoja kwa ajili ya wageni wale kumi na wawili. Aliliangalia muda mrefu. Nikaona kwamba alikuwa ameshawazoea kichwani, ameshawapa majina, na niliumia kwa ajili yake hata nikakaribia kulimeza neno langu.

"Kaka yako atangoja," akasema.

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ile nyumba isiyoezekwa. Kaka aliingia ndani. Ilichukua mwaka na zaidi kabla hajanisemesha vizuri, na sikumlaumu.

Baba akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la ibada, fimbo mkononi. Kwa desturi, jibu la namna ile hupelekwa na mshenga. Mama akamkumbusha, akamwambia pia kwamba ugali uko tayari, ale kwanza. Akasema ameulizwa yeye, atajibu yeye, na kwamba hawezi kwenda kumnyima mtu mtoto huku anacheua. Akashika njia ya kwenda kwa wakwe ambao hawakuwa wakwe tena, mgongo umenyooka, koti linapepea.

Nilibaki nimepiga goti pale uani. Alipofika kwenye ua wa minyaa wa mpakani alisimama, akageuka, akasema kitu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwangu kwenda kwake, sikupata hata neno. Nikadhani ananilaani. Akasema tena. Ndipo nikainuka nikamkimbilia, na nilipomfikia alikuwa amekunja uso kama mtu aliyechoka kurudia.

"Nimekuuliza, hicho chuo kinafunguliwa lini?"